Merkire inazima taa ndani ya mwili

KINDU – Hapa Maniema, kila mtu machimboni anajua bei ya gramu moja ya dhahabu. Bei yenye mwili unalipa, pale merkire inachomwa jikoni, hiyo tunaijua kidogo.

Ndani ya kila seli ya mwili mna asidi amino, matofali ya kujengea protini. Tunazipata katika samaki, mayai, maharagi. Moja inaitwa sisteini, na iko na salfa ndani yake. Merkire inapenda salfa sana. Ikiikuta inaikamata, sawa vile inakamataga dhahabu ndani ya besheni. Hapo protini inashindwa kufanya kazi yake.

Wataalamu wanaonaje kitu kidogo hivyo? Wametengeneza dawa za kung'aa. Dawa inaingia ndani ya seli ingali hai, na bado haiwaki. Ikikutana na sisteini, inaungana na ile salfa na kubadilika. Ukiimulika chini ya mikroskopu, inawaka, kwa mfano kijani. Merkire ikishika salfa mbele yake, mwanga unapunguka. Hii kazi ya kuangalia seli kwa mwanga ilipewa heshima kubwa mwaka 2008: Osamu Shimomura, Martin Chalfie na Roger Tsien walipata Tuzo ya Nobel kwa protini ya kijani ya samaki-jeli. Mwanga wake unatoka kwa asidi amino tatu zilizofungamana.

Tuelewane: dawa hizo ni za maabara, haziponyeshi mtu. Mchimbaji mwenye kuvuta moshi wa merkire anapimwa mkojo. Mikono kutetemeka, kusahausahau, hasira bila sababu: hizo ni alama za kumpeleka kwa munganga.

Kuna na njia ya mtoni. Merkire yenye kumwagwa majini inageuka sumu kali zaidi, inaingia ndani ya samaki. Ikijishika na sisteini, inafanana na asidi amino ingine, na ubongo unaifungulia mlango. Inafikia hata mtoto tumboni. Kule Minamata, Japani, ugonjwa huo ulijulikana mwaka 1956 kwa familia za wavuvi.

Basi, wababa na wamama, tusichome merkire nyumbani, wala ndani ya sufuria ya chakula. Tuchomee mbali, penye upepo, ndani ya retorti: chombo chenye kufungwa, kinachorudisha moshi kuwa merkire tena. Wamama wenye mimba na watoto wasisogee. Ule moshi hauonekani, hauna harufu. Ndiyo maana tunauzoea.