Forosadi: Tunda la Watoto Lenye Faida kwa Wote

Mforosadi ni mti uliozoeleka katika nyumba zetu nyingi. Wengine wameupanda uwe wigo, wengine kwa ajili ya kivuli, na wengine wanaupenda kwa sababu mbuzi hufurahia majani yake. Matunda yenyewe tumewaachia watoto na ndege. Mama akimwona mwanawe anarudi na mdomo mweusi na shati lenye madoa, huwaza sabuni tu. Sisi tunasema mtoto huyo amekula vizuri kuliko yule aliyenunuliwa pipi.

Kikombe cha chai kisichojaa, yaani gramu 100 hivi za forosadi zilizoiva, kina miligramu 36 za vitamini C na karibu miligramu 2 za madini ya chuma. Chungwa lina vitamini C zaidi, lakini chuma karibu halina kabisa. Hapo ndipo forosadi inapotusaidia. Chuma kilichomo katika maharage, kunde na mchicha ni kigumu kuingia mwilini. Vitamini C inayoliwa pamoja na vyakula hivyo hukisaidia kiingie. Chai ya majani hufanya kinyume chake: ikinywewa pamoja na mlo hukizuia. Basi, akina mama, msimu wa forosadi ukifika, wapeni watoto kiganja cha matunda hayo mara baada ya ugali na maharage, na birika la chai lisubiri saa moja au mbili. Kumbukeni pia kwamba ukichemsha forosadi kwa ajili ya jamu, sehemu kubwa ya vitamini C hupotea. Jamu ni tamu, lakini haishindi tunda lenyewe.

Tusieleweke vibaya. Mama mjamzito anahitaji miligramu 27 za chuma kila siku, na hakuna awezaye kuzipata kwa kula forosadi. Vidonge vya kliniki viendelee kumezwa. Na mtoto mwenye viganja vyeupe, anayechoka upesi, apelekwe zahanati apimwe, kwa maana malaria na minyoo ya safura hupunguza damu hata kwa mtoto anayekula vizuri.

Chai ya majani ya mforosadi nayo husifiwa sana kwa wenye kisukari. Ni kweli majani hayo yana kitu kinachochelewesha wanga kugeuka sukari tumboni. Lakini mgonjwa anayetumia dawa akiongeza chai hiyo, sukari yake inaweza kushuka mno hata akatokwa jasho, akatetemeka na kuona kizunguzungu. Amwulize mganga wake kwanza, wala asiache dawa.

Matunda yasiyoiva yasiliwe, maana huvuruga tumbo. Yaliyoiva yaoshwe kwa maji safi, hasa yale yaliyookotwa chini, na yaliwe siku hiyo hiyo kwa sababu huharibika upesi. Yakizidi, yaanikwe juani. Huko Afghanistan watu huyakausha na kuyasaga yawe chakula cha safarini.

Asiye na mti aombe kijiti kwa jirani. Kiwe na unene wa penseli na urefu wa sentimita 20 hivi. Mvua zikianza akizike ardhini, macho mawili yabaki juu. Asikipande karibu na kamba ya kuanikia nguo.