Ruta ya zamani isitupwe, yaweza kufikisha intaneti hadi ghalani

SI ajabu siku hizi kumkuta mfanyabiashara wa mazao katika kata ya Gendabi, wilayani Hanang, akiwa na ruta mbili: moja inayofanya kazi sebuleni, na nyingine iliyolala kabatini tangu alipohama kutoka kampuni moja ya simu kwenda nyingine. Wakati huohuo, mtu huyohuyo hulazimika kutoka ghalani na kutembea hadi mlangoni mwa nyumba kila anapotaka kufungua ujumbe wa bei, kwa sababu waifai haifiki kule aliko.

Wengi hudhani dawa ni kununua laini ya pili na ruta ya pili kwa ajili ya ghala au duka. Lakini ile ruta ya kabatini, hata kama imefungwa kwa laini ya kampuni ambayo mwenyewe hana tena mpango nayo, bado ina kazi. Kufuli hilo linahusu upande wa laini tu. Upande wa waya na waifai, ambao ndio husambaza intaneti ndani ya nyumba, kwa kawaida hubaki huru.

Kwa wakazi wa Gendabi jambo hili si la starehe. Kata hiyo ipo chini ya Mlima Hanang, wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400, na watu wake hutegemea mahindi, maharage, mbaazi, ngano, alizeti na mifugo. Mwaka 2017, India ilipoweka ukomo wa mbaazi zinazoingia nchini humo, bei ilianguka vibaya na wakulima wa Manyara walikuwa miongoni mwa walioumia zaidi. Intaneti isingezuia anguko lile. Hata hivyo, aliyepata habari mapema alikuwa na nafasi ya kuamua kama auze, asubiri au apunguze eneo la mbaazi msimu uliofuata.

Tangu wakati huo zao hilo limeingizwa katika mfumo wa stakabadhi ghalani, na mnada wake hufanyika kwa mtandao kupitia Soko la Bidhaa Tanzania (TMX). Bei ya siku hujulikana siku hiyohiyo. Anayeipata jioni baada ya kurudi nyumbani amekwisha kuachwa na mwenzake aliyeipata akiwa ghalani.

Aidha, tangu maporomoko ya tope ya Desemba 3, 2023, yaliyoikumba Katesh pamoja na Gendabi na vijiji vya jirani na kuua zaidi ya watu 80, utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) umekuwa ni kitu ambacho familia zinazoishi kando ya makorongo haziwezi kukipuuza. Utabiri huo hutolewa pia kwa mtandao.

Kwa nini waifai haifiki ghalani? Sababu ya kwanza ni umbali. Ruta ya kawaida, nje mahali pasipo na kizuizi, huweza kusomeka mita 50 au zaidi kidogo, lakini ukuta mmoja wa tofali nene hupunguza nguvu hiyo kwa kiasi kikubwa. Sababu ya pili ni bati. Mawimbi ya waifai hayapiti kwenye bati, hugonga na kurudi. Ghala lililojengwa kwa bati kuta na paa ni sawa na sanduku lililofungwa, hata likiwa hatua 20 tu kutoka sebuleni. Kuta za udongo nazo, zikinywa maji ya masika, huzuia zaidi kuliko wakati wa kiangazi, na ndiyo maana baadhi ya watu hulalamika kuwa ruta yao "imechoka" mvua zinapoanza.

Dawa ni kuvuta waya kutoka ruta kubwa hadi ghalani, na kuiweka ile ruta ya zamani mwisho wa waya huo ndani ya ghala. Ruta ya zamani haipokei tena mawimbi ya mnara. Inapokea intaneti kwa waya na kuitangaza upya kwa waifai.

Hata hivyo, kuna matumizi mengine ya waya na ruta hiyo ambayo kwa mazingira ya Gendabi huenda yana faida kubwa zaidi, na ambayo watu wengi hawayafikirii. Mlima na miinuko yake hukinga mawimbi ya minara ya simu. Katika boma moja, sebule iliyo bondeni inaweza kupata alama moja ya mtandao, wakati kibanda cha kuku kilichopo juu kidogo kinapata alama nne. Watu huiweka ruta sebuleni kwa sababu ndiko walipo, kisha hulaumu kampuni ya simu. Anayefuga kero ya namna hii achukue ruta yake mpya, aizungushe sehemu mbalimbali za boma, aiache dakika chache kila mahali na kusoma alama zake. Ikibainika kwamba mahali pazuri ni stoo iliyopo mwinukoni, basi ruta mpya ikae huko, waya ushuke hadi sebuleni, na ruta ya zamani ndiyo isambaze intaneti nyumbani.

Hapo ndipo tofauti ya kweli huonekana, kwani kusambaza mtandao dhaifu hakuufanyi kuwa imara. Ukiwa na intaneti inayosuasua sebuleni, ruta ya pili itakupa intaneti inayosuasua ghalani pia.

Kazi ya kuitayarisha ruta ya zamani haimshindi kijana yeyote aliyezoea kompyuta au simu ya kisasa. Kwanza ihakikishwe kwamba ina matundu ya waya wa mtandao. Vile vijimodemu vidogo vya kuchomeka kwenye kompyuta, vilivyoenea sana nchini miaka ya 2000 na 2010, havina tundu hilo na havifai kwa kazi hii. Pili, itazamwe adapta yake. Nyuma ya ruta huandikwa volti inayohitaji, mara nyingi 9 au 12, na kuchomeka adapta ya volti kubwa kuliko hiyo ni kuiunguza.

Baada ya kuwashwa, kitufe kidogo kilichofichwa ndani ya kitundu nyuma ya ruta hubonyezwa kwa pini kwa sekunde zipatazo 10 ili mipangilio ya zamani ifutike. Kisha simu au kompyuta huunganishwa na ruta hiyo peke yake, na ile anwani ya namba iliyoandikwa kwenye karatasi chini yake, kwa mfano 192.168.1.1, huandikwa mahali pa kufungulia kurasa za intaneti. Jina na nenosiri la kuingilia navyo huwa vimeandikwa hapohapo.

Ndani kuna mambo mawili ya lazima, na wanaoshindwa kazi hii karibu wote hukwama kwenye mojawapo. Jambo la kwanza ni kubadili anwani ya ruta ya zamani ili ifanane na ya ruta kubwa, isipokuwa namba ya mwisho. Kama ruta kubwa ni 192.168.8.1, ya zamani iitwe 192.168.8.2. La pili ni kuzima huduma ya kugawa anwani kwa vifaa, ambayo kwenye menyu huandikwa DHCP. Kila simu inayojiunga na mtandao hupewa namba yake, na mgawaji anapaswa kuwa mmoja. Kuacha ruta mbili zigawe namba ni kama kuweka makarani wawili ghalani, kila mmoja na kitabu chake cha stakabadhi: mapema au baadaye wakulima wawili watashika namba moja, na mzozo utaanza.

Kinachobaki ni kuweka jina la waifai na nenosiri imara, kuchagua ulinzi wa WPA2, na kuitenganisha mikondo ya ruta hizo mbili ili zisigongane. Kwa masafa ya gigahezi 2.4, mikondo isiyoingiliana ni 1, 6 na 11. Ndipo waya huchomekwa, na hapa tena umakini unatakiwa: utoke kwenye tundu la LAN la ruta kubwa na kuingia kwenye tundu la LAN la ruta ya zamani, si lile lililoandikwa WAN.

Baadhi ya ruta huweza kupokea kwa waifai na kurudisha kwa waifai, bila waya wowote. Njia hiyo ni rahisi, lakini redio hiyohiyo moja inapofanya kazi mbili kasi hushuka kwa takriban nusu, na kwa boma lenye bati si njia ya kutegemea.

Je, inalipa? Tuchukue mfano wa kubuni wa duka lililopo mita 60 kutoka nyumbani. Tuseme waya unauzwa Sh 1,200 kwa mita, jumla Sh 72,000, na bomba la plastiki pamoja na vichwa vya waya ni Sh 40,000. Gharama yote ni Sh 112,000, hulipwa mara moja. Tuseme pia kifurushi cha pili cha mwezi kwa ajili ya duka kingegharimu Sh 30,000. Kwa hesabu ya haraka, fedha hizo zinarudi katika mwezi wa nne.

Lakini hesabu hiyo ina kasoro. Kupanua eneo la waifai hakuongezi hata megabaiti moja kwenye kifurushi, na watumiaji wakiongezeka kifurushi huisha mapema. Kama mwenye duka atalazimika kuongeza Sh 15,000 kwa mwezi kununua kifurushi kikubwa zaidi, akiba halisi inabaki Sh 15,000, na gharama yake itarudi katika mwezi wa nane. Bado ni biashara nzuri, ila si ya miujiza. Kila mmoja aweke bei za duka la jirani yake na kupiga hesabu upya.

Umeme nao uingizwe. Ruta ya wati 8 ikiwaka saa 24 hula uniti karibu 6 kwa mwezi. Ni kidogo, ila kwa mteja mdogo wa TANESCO anayejitahidi asivuke uniti 75 ili abaki kwenye bei nafuu, ni vyema kuizima usiku. Wanaotumia sola wanaweza kuiwasha ruta ya volti 12 moja kwa moja kutoka kwenye betri, mradi watie kidhibiti cha volti katikati, kwani betri inayochajiwa hupanda hadi volti 14 na zaidi.

Waya ndio unaostahili fedha nyingi kuliko kitu kingine. Usizidi mita 100, kwani zaidi ya hapo mawasiliano huanza kukatika. Ununuliwe wa shaba halisi, si ule wa aluminiamu iliyopakwa shaba, ambao ni rahisi lakini hukatika upesi. Upitishwe ndani ya bomba, ufukiwe kina ambacho jembe la ng'ombe halifiki, na ncha zake zizibwe vizuri maana panya wa ghalani hawachagui. Usipite pamoja na waya wa umeme katika bomba moja. Radi zinapoanza kupiga, waya wa mtandao na adapta vichomolewe pande zote mbili, kwa sababu mkondo wa radi hupita kwenye waya wa mtandao kama unavyopita kwenye wa umeme.

Wapo watakaotaka kwenda mbali zaidi na kuwauzia majirani. Huko kuna sheria. Kutoa huduma ya intaneti kwa malipo kunahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), na lolote litakalofanywa na jirani kupitia laini hiyo litamfuata kwanza aliyeisajili kwa alama za vidole. Wenye nia ya kuwa na mtandao wa kijiji wana mfano wa kujifunzia karibu, katika wilaya ya Kondoa mkoani Dodoma, ambako wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dodoma walishirikiana na wenyeji kuanzisha mtandao wa jamii unaotumia masafa ya televisheni yaliyo wazi. Mradi huo ulihitaji vibali na vifaa maalumu, na ruta za kabatini pekee zisingetosha.