Gemu ya majasusi: Ukijifanya staa peke yako, mmekwisha wote

UKIINGIA kwenye kibanda cha gemu jioni, iwe Shinyanga mjini au Geita, sheria utakayoikuta ni moja: aliyefungwa anasimama, mshindi anabaki na pedi. Washkaji wanaingia wakicheka, muda si mrefu mmoja amenuna. Kapigwa tano bila, na kelele za benchi zinamsindikiza mpaka mlangoni.

Ila ipo gemu ambayo haina wa kusimamishwa. Inaitwa Operation: Tango, ilitoka Juni 2021, kazi ya kampuni ya Clever Plays ya Montreal, Kanada. Ni gemu ya kijasusi ya watu wawili. Mtu mmoja haichezi, hata awe fundi kiasi gani.

NUSU KWA NUSU

Mmoja ni jasusi wa kazini. Anaingia kwenye majengo, anapita milango, anabonyeza vitufe. Mwingine ni mdukuzi, amekaa mbali, anaingia kwenye mifumo ya kompyuta. Kila mmoja ana skrini yake na haoni ya mwenzake.

Jasusi kasimama mbele ya mlango, namba za kuufungua hana. Mdukuzi ana namba kibao, ila hajui mlango ni upi. Kinachobaki ni mdomo na sikio.

Hapo ndipo urafiki unapopimwa. “Bonyeza hiyo nyekundu!” Nyekundu ipi, wakati zipo tatu? Anayefoka bila kueleza anaiua misheni sawa na anayekaa kimya. Wakifeli wamefeli wote, hakuna wa kumcheka mwenzake.

WACHIMBAJI WANAIJUA HII

Kwa watu wa ukanda wa dhahabu, hilo si jambo geni. Kwenye duara la wachimbaji wadogo, aliyeko chini hamuoni aliyeshika kamba juu, na wa juu haoni kinachoendelea shimoni. Ishara moja ikieleweka vibaya, kinachopotea si pointi, ni mtu.

Uwanjani nako ni vilevile. Msimu wa 2021/22, George Mpole wa Geita Gold alimaliza Ligi Kuu Bara na mabao 17, akabeba kiatu cha ufungaji bora mbele ya Fiston Mayele wa Yanga aliyekuwa na 16. Jina lililoandikwa ni lake, ila straika anayelitazama goli anahitaji mtu nyuma yake anayeiona nafasi ambayo yeye haioni. Gemu hii imeichukua pasi hiyo ikaifanya ndiyo mchezo wenyewe.

BANDO NALO LINACHEZA

Kikwazo kipo. Televisheni moja yenye pedi mbili haitoshi. Kila mchezaji anataka mashine yake na intaneti. Bando likikata katikati ya misheni, jasusi anabaki mlangoni kama yatima.

Nafuu ni kwamba anayenunua ni mmoja tu. Mwenzake anapakua toleo la rafiki bure, wanaingia pamoja. Na maongezi ya wachezaji ni yao wenyewe: wakitaka Kiswahili sawa, wakitaka Kisukuma sawa, mradi waelewane.

Kwa marafiki waliotenganishwa na kazi, mmoja kabaki Shinyanga, mwingine kaenda kutafuta maisha Geita, hilo si dogo. Badala ya kukutana mtandaoni ili mmoja amfunge mwenzake, wanakaa jioni nzima kila mmoja akimhitaji mwingine.

Wakimaliza, wanaweza kubadilishana nafasi na kuanza upya. Safari hiyo aliyekuwa anafoka ndiye atakayesimama mbele ya mlango, hana namba, akisubiri mwenzake amwelekeze taratibu.