Iodini si Dawa ya Mionzi

Kila inapotajwa ajali ya nyuklia, iwe ni ile ya Fukushima ya mwaka 2011, hatari inayokizunguka kituo cha Zaporizhzhia nchini Ukraine tangu mwaka 2022, au mpango wa Kenya wa kujenga kinu chake cha kwanza, watu huuliza swali lile lile: je, hospitali zetu zina vidonge vya iodini vya kutosha? Swali hilo limekwisha kujibiwa mara nyingi, na bado linarudi. Likiulizwa Lodwar au Kakuma, huwa ni kosa juu ya kosa, kwa sababu iodini si kinga ya mionzi kwa jumla, na mionzi inayoweza kweli kumfikisha mgonjwa katika hospitali za Turkana haihusiani na iodini hata kidogo.

Kinu cha nyuklia kinapopasuka, miongoni mwa vitu vinavyorushwa hewani ni iodini-131, yaani aina ya iodini inayotoa mionzi na ambayo hupungua kwa nusu kila baada ya siku 8 hivi. Tezi ya thairoidi, iliyo mbele ya koo, haina uwezo wa kuitenga iodini hiyo na ile ya kawaida, hivyo huzifyonza zote mbili. Kidonge cha iodini huijaza tezi mapema, ili ile yenye madhara ikifika ikose nafasi na kutoka kwa mkojo. Kazi ya kidonge huanzia hapo na kuishia hapo. Hakilindi uboho, yaani kiwanda cha damu kilicho ndani ya mifupa, wala hakilindi utumbo, ngozi au mapafu. Hakizuii vitu vingine vyenye mionzi, kama sisiamu na kobalti, na hakimsaidii aliyepigwa na mionzi kutoka nje ya mwili. Katika ajali ya Chernobyl ya mwaka 1986, wafanyakazi na wazima moto 134 walithibitishwa kuwa na ugonjwa mkali wa mionzi, na 28 kati yao wakafa katika miezi michache ya kwanza kwa sababu ya uboho ulioharibika na ngozi iliyoungua. Hakuna kiasi cha iodini ambacho kingewaokoa.

Hata pale kinapofaa, kidonge hicho kina saa zake. Hutakiwa kumezwa kuanzia siku moja kabla ya wingu la mionzi kufika hadi saa chache baada ya kufika, na kikicheleweshwa kwa zaidi ya saa 24 kinaweza kudhuru kuliko kusaidia. Wanaonufaika zaidi ni watoto wachanga, watoto, wajawazito na wanaonyonyesha, ilhali kwa aliyepita umri wa miaka 40 faida yake ni ndogo. Lililo baya zaidi ni uzushi unaofuatana na imani kwamba iodini ni kinga ya mionzi yote. Mwezi Machi 2011 watu nchini China waligombania chumvi madukani, na nchini Ufilipino ukasambazwa ujumbe wa simu uliowataka watu wajipake dawa ya vidonda yenye iodini shingoni. Hesabu ya chumvi ni rahisi: mtu mzima huhitaji takriban miligramu 100 za iodini kwa mara moja, na hata kama kila kilo ya chumvi ingekuwa na miligramu 50, angelazimika kula kilo mbili, kiasi ambacho kingemuua kabla ya mionzi kumgusa. Dawa ya vidonda nayo ikipakwa haiwezi kuijaza tezi, na ikinywewa ni sumu. Anayeieneza habari hiyo anawaweka watoto wa wenzake hatarini. Watoto wengi waliopata saratani ya thairoidi baada ya Chernobyl walikuwa wamekunywa maziwa ya ng'ombe waliolishwa nyasi zenye iodini-131, kwa hiyo kwa jamii inayoishi kwa maziwa ya mbuzi na ngamia, agizo la kusitisha maziwa mabichi kwa wiki kadhaa lingekuwa na uzito kuliko sanduku zima la vidonge.

Turkana, hata hivyo, haina kinu. Ina mafuta, yaliyogunduliwa karibu na Lokichar mwaka 2012, na kwa kawaida visima vya mafuta hupimwa kwa vyombo vyenye sisiamu-137 au amerisiamu iliyochanganywa na berili, huku viungo vya mabomba vikikaguliwa kwa iridiamu-192. Vitu hivi hufungwa ndani ya vibweta vidogo vya chuma na kusafirishwa kwa magari. Hatari huanza gari linapopinduka, au kipande kinapoanguka na kuokotwa na mtu asiyejua maana ya alama ya mabawa matatu meusi kwenye rangi ya manjano. Huko Meet Halfa, Misri, mwezi Mei 2000, mkulima aliokota kipande cha chuma chenye iridiamu kilichopotea katika ukaguzi wa bomba la gesi, akakipeleka nyumbani akidhani kina thamani. Mamlaka zilikiondoa mwishoni mwa Juni, mkulima na mwanawe wa miaka 9 wakiwa wamekwisha kufa.

Basi Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Lodwar na hospitali ya Ammusait iliyo kambini Kakuma zifanye nini? Kwanza ziokoe maisha: damu izuiwe, njia ya hewa ifunguliwe, upasuaji wa dharura usisubiri kipimo cha mionzi. Aliyepigwa na mionzi kutoka nje hamwambukizi mtu. Aliyechafuliwa ana vumbi lenye mionzi mwilini, na kumvua nguo, zikikunjwa kwa nje kuelekea ndani na kufungwa katika mfuko wa plastiki, huondoa sehemu kubwa ya vumbi hilo. Afutwe kwa maji vuguvugu na sabuni bila kusuguliwa, au kwa vitambaa vilivyoloweshwa pale maji yanapokuwa haba. Muuguzi avae glavu, barakoa na gauni. Saa ya kutapika kwa mara ya kwanza iandikwe, chembe nyeupe za damu zihesabiwe mara kwa mara kwa siku mbili, na aliyemeza sisiamu apelekwe haraka penye bluu ya Prussia, dawa inayoinasa tumboni. Chuma chenyewe kisiguswe: watu wasogezwe mbali, kwa kuwa umbali ukiongezeka maradufu mionzi hupungua hadi robo, kisha polisi na Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia ya Kenya wapigiwe simu.

Daktari anayekutana na mgonjwa aliyetapika bila homa na mwenye vidonda kama vya moto ambao hakuuona, amuulize kama ameokota chuma. Serikali ya kaunti nayo ibandike namba ya mamlaka hiyo katika kitengo cha dharura cha kila hospitali kuanzia Lokichar hadi Kakuma, na inunue kipima mionzi kabla ya kununua kidonge kimoja cha iodini.