Matairi ya theluji kwenye lami ya jua: Alama ndogo inayomgharimu mnunuzi wa gari la mpakani

BANDARI za Dar es Salaam na Mombasa hazijui theluji. Hata hivyo, meli zinazoshusha magari yaliyotumika kutoka Japani huleta pia matairi yaliyotengenezwa mahususi kwa barabara zilizofunikwa na theluji na barafu. Huja yakiwa yamefungwa tayari kwenye Prado, RAV4, X-Trail, Forester na magari mengine yanayovuta kwa magurudumu yote manne. Ndiyo magari yanayowafaa wakazi wa mikoa ya baridi kali kule Japani, na ndiyo hayo hayo yanayotafutwa na wateja wa Kigali, Kampala, Lusaka na Lubumbashi.

Mnunuzi anayeyaona kwa mara ya kwanza hufurahi. Mpira ni mweusi, kashata bado zimesimama, na uso wa tairi umechanjwa mistari mingi myembamba inayoonekana kama itashika kila aina ya barabara. Anahesabu kuwa ameokoa bei ya matairi manne.

Kisha gari linatoka bandarini. Kama ni gari la IT linalokwenda Zambia au Kongo, lina zaidi ya kilomita 900 kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma kabla hata ya kuvuka mpaka. Njia hiyo inapita kwenye joto la Morogoro na Mikumi, inapanda Kitonga, na inamalizia kwa miteremko ya Mbeya ambako breki hupata kazi yake. Lami iliyopigwa jua mchana kutwa huweza kupita nyuzi joto 50. Tairi lililoundwa kushika barafu linaingia hapo likiwa limebeba mtu, mizigo na matumaini ya faida.

Mpira wa nyuzi 7

Tofauti kubwa ya tairi la theluji na tairi la kawaida iko kwenye mchanganyiko wa mpira wenyewe, jambo ambalo jicho haliwezi kuliona. Mpira wa tairi la kawaida huanza kukakamaa baridi inaposhuka chini ya nyuzi joto 7 hivi, na kwenye barafu huteleza kama kipande cha mbao. Watengenezaji wa matairi ya theluji huchanganya mpira unaobaki laini hata kwenye baridi ya kugandisha maji. Ile mistari myembamba kwenye kashata huachana kidogo tairi linapokanyaga, na kingo zake zikang'ata theluji.

Wajapani waliingia kwa nguvu kwenye teknolojia hiyo kwa sababu ya vumbi. Zamani madereva wa mikoa ya theluji walitumia matairi yenye misumari ya chuma. Misumari ilishika barafu vizuri, lakini theluji ilipopungua ilikwaruza lami, na miji kama Sendai ikajaa vumbi la barabara lililowasumbua wakazi. Mwaka 1990 Japani ilipitisha sheria ya kuzuia vumbi hilo, na matairi ya misumari yakaondolewa. Nafasi yake ikachukuliwa na matairi yasiyo na misumari, yanayotegemea ulaini wa mpira na ile mistari. Bridgestone ilikuwa imeanza kuuza Blizzak mwaka 1988, tairi lenye mpira uliojaa vitundu vidogo vya kunyonya utando wa maji juu ya barafu. Yokohama wana iceGUARD na Dunlop wana Winter Maxx. Haya ndiyo majina yanayosomeka mara kwa mara kwenye yadi za magari za Afrika Mashariki.

Sasa mpira ulio laini kwenye nyuzi sifuri utakuwaje kwenye nyuzi 50? Unakuwa kama ufutio wa mtoto wa shule: kila ukisuguliwa unaacha sehemu yake. Kashata zinayumba chini ya gari, usukani unakuwa mlegevu kwenye kona, na tairi linaisha upesi kuliko mnunuzi alivyotarajia. Hayo ni ya mfuko. La usalama ni kwamba kwenye lami kavu na ya joto gari lenye matairi ya theluji huhitaji umbali mrefu zaidi kusimama. Mvua ikinyesha juu ya lami hiyo ya joto, tairi la kawaida zima bado ni bora kuliko la theluji.

Wapo wanaojitetea kwamba njia zao zina baridi. Ni kweli, Makete na Njombe hupata umande wa barafu mwezi Juni na Julai, na asubuhi za Kabale si za mchezo. Lakini baridi ya asubuhi siyo theluji barabarani, na kufikia saa tano jua limeshatoka.

Kosa lingine ni kudhani tairi la theluji ni tairi la matope. Matope mazito yanataka kashata kubwa zenye nafasi pana katikati, ili tairi likizunguka liyatupe nje. Mistari myembamba ya tairi la theluji huzibwa na udongo baada ya mizunguko michache, na tairi linabaki laini kama chungu.

Kusoma ubavu wa tairi

Kabla ya kulipa, mnunuzi anayeagiza mtandaoni ana haki ya kumwomba muuzaji picha nne za karibu, moja kwa kila tairi, zikionyesha maandishi ya ubavuni. Muuzaji makini hazikatai.

Neno la kutafuta kwanza ni STUDLESS. Kwenye matairi yaliyouzwa ndani ya Japani mara nyingi limeandikwa wazi kwa herufi za Kirumi, na maana yake ni tairi la theluji lisilo na misumari. Likionekana, mjadala umekwisha.

Alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji katikati inahitaji uangalifu zaidi. Inaonyesha kuwa tairi limefaulu jaribio la kwenye theluji, lakini haitoshi kulihukumu. Yapo matairi magumu ya njia mchanganyiko, kama BFGoodrich KO2, yenye alama hiyo na yanayostahimili kabisa barabara za huku. Herufi M+S, yaani matope na theluji, zina uzito mdogo kuliko zote: mtengenezaji huziweka mwenyewe kwa kuangalia umbo la kashata, bila jaribio. Ni makosa kulikataa tairi zuri kwa sababu tu lina M+S, na ni makosa vilevile kulinunua kwa sababu hiyo.

Kisha kuna namba. Tairi la Prado lililoandikwa 265/65R17 112Q linasema mengi kwa mkato. Hiyo 112 ni uzito: tairi moja linaweza kubeba kilo 1,120. Herufi Q ni mwendo: lisizidi kilomita 160 kwa saa. Matairi mengi ya theluji ya Kijapani huwa na Q, wakati ya kawaida ya saizi hiyo huwa na herufi za mwendo mkubwa zaidi, kama S au H. Hakuna dereva wa IT anayepaswa kufika huko, lakini Q ikiambatana na mistari myembamba ni ushahidi mzuri wa aina ya tairi.

Namba nne za mwisho za msimbo wa kiwandani ni tarehe ya kuzaliwa. 3519 ni wiki ya 35 ya mwaka 2019. Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye umri unaozidi miaka minane, na Uganda imeweka ukomo wa miaka 15 tangu 2018, lakini umri wa tairi ni jambo la pekee: gari la miaka sita linaweza kuja na matairi ya miaka tisa yaliyotolewa kwenye gari jingine. Watengenezaji kadhaa wakubwa hushauri tairi lisitumike baada ya miaka 10, hata kama kashata bado zipo.

Matairi ya theluji ya Kijapani yana pia siri ambayo wauzaji wachache huieleza. Ubavuni kuna kishale kidogo. Kukifuata hadi kwenye kashata, unaona kidaraja cha mpira kilichoinuka katikati ya mtaro. Tairi likilika hadi kidaraja hicho, limetumika nusu, na kwa Mjapani halifai tena kwa theluji ingawa kwa macho bado ni zima. Pembetatu ndogo inaonyesha kidaraja kingine cha chini zaidi, cha milimita 1.6, ambapo tairi limekuwa kipara kwa mujibu wa sheria. Tairi lililosimama kati ya kishale na pembetatu limeshaachwa na baridi, na joto nalo halikulitengenezewa.

Manne au hakuna

Mfanyabiashara mwenye haraka hubadilisha matairi mawili yaliyochoka zaidi na kuacha mawili ya theluji. Kwenye gari dogo linalovuta kwa mbele tu, hiyo tayari ni hatari, kwa sababu mbele na nyuma zitashika lami kwa nguvu tofauti. Kwenye gari linalovuta kwa magurudumu yote, kuna hasara ya pili.

Prado na Forester huvuta kwa magurudumu manne muda wote. Tairi jipya ni kubwa kidogo kuliko lililolika, kwa hiyo mzunguko wake ni mrefu zaidi. Tofauti hiyo ndogo, ikirudiwa mamia ya maelfu ya mara kati ya Dar es Salaam na Rusumo, hulazimisha difu ya katikati kufanya kazi bila kupumzika. Subaru hutaka tofauti ya mzunguko kati ya matairi isizidi takriban milimita 6. RAV4 na X-Trail, zinazoita magurudumu ya nyuma pale ya mbele yanapoteleza, nazo huweza kudanganyika na kudhani gari linateleza wakati wote. Bei ya difu au gea boksi hailingani na bei ya matairi mawili. Nafuu ipo kwa gari ambalo dereva mwenyewe huchagua kwa mkono kati ya kuvuta mawili na manne, ilimradi kwenye lami libaki kwenye mawili.

Kwa hiyo mwenye gari lililokuja na matairi ya theluji abadilishe yote manne kwa pamoja, saizi moja, chapa moja. Anayetembea lami tupu achague yaliyoandikwa H/T. Njia zenye lami, changarawe na tope la msimu, ambazo ni njia nyingi za ukanda huu, zinafaa A/T. M/T ni ya matope hasa: inanguruma kwenye lami na inakula mafuta, na asiyelala porini na mzigo haihitaji.

Linalozidi tairi

Fundi mzoefu akiona tairi la theluji kwenye gari lililoshuka melini, hainui kichwa. Anainama chini ya gari. Tairi hilo linamwambia kuwa huenda gari limeishi Hokkaido, Aomori, Akita au Niigata, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi ili kuyeyusha barafu. Chumvi hiyo hurukia chini ya gari na kula chesisi, mabomba ya breki, ekzosi na sehemu zinakofungwa shokomzoba. Ndani gari linang'aa, chini linaoza.

Si kila tairi la theluji lina maana hiyo. Mkazi wa Tokyo huweza kuyafunga kwa safari chache za milimani. Ila ni sababu tosha ya kudai picha za chini ya gari kabla ya kutuma pesa, na kuitazama vizuri karatasi ya mnada. Kwenye mchoro wa gari, kwa kawaida herufi S huonyesha kutu na C kutu iliyokwisha kula bati. Rangi nyeusi mpya iliyopakwa chini ya gari la zamani nayo iulizwe maswali. Bisibisi ikizama pale inapogusa, hakuna rangi itakayorudisha chuma.

Hapo ndipo mazungumzo ya bei yanapoanzia. Matairi ya theluji yahesabiwe kama hayapo: mnunuzi aulize bei ya matairi manne mapya mahali anakokwenda kuuza, aitoe kwenye bei anayotaka kulipa, na amweleze mteja wake wa Lusaka au Kigali mapema. Anayelazimika kulifikisha gari na matairi hayo hayo aendeshe polepole, asafiri asubuhi na jioni, aache nafasi kubwa mbele yake, na asipakie mizigo juu ya gari la kuuza. Upepo ajaze kwa kibao kilichobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Kule huandikwa kwa kPa, na vijana wa pancha wengi wanapima kwa PSI: kPa 200 ni PSI 29, na 220 ni PSI 32.

Tairi la akiba nalo litazamwe. Mara nyingi ni la kawaida, halijawahi kukanyaga barabara, na linang'aa. Lakini huwa na umri sawa na gari lenyewe, na tarehe yake iko pale pale ubavuni.