KIKAPU CHA MILULU: USIPUNGUZE BEI MPAKA MSUKAJI AACHE KUSUKA



Leo tuongelee vikapu vya Iringa, vile vya milulu wanavyosuka akina mama wa Kihehe. Soko lipo. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, na watalii wa Ruaha wanapita Iringa mjini.

Shida ni sisi wachuuzi. Tukifika kijijini tunasema, "Mama, si majani tu haya? Punguza." Jamani, milulu haijisuki. Inakatwa kwenye maeneo ya majimaji, inakaushwa, inalowekwa ilainike, ndipo mama anakaa chini kusuka mstari kwa mstari kwa mkono. Unachonunua ni siku zake.

Piga hesabu hivi. Tuseme kikapu kimemchukua siku 3, na kibarua cha shamba hapo kijijini ni shilingi 6,000 kwa siku. Hiyo ni 18,000. Ukimpa 8,000, kesho ataenda kulima shamba la mtu, na binti yake hatajifunza kusuka. Hapo wewe Mwanjelwa utauza nini?

Fanya haya:

1. Muulize siku alizotumia, ndipo mpatane bei.

2. Kagua kitako na ukingo. Kikapu kizuri kimebana, ukikiweka chini hakiyumbi.

3. Kihifadhi pakavu penye hewa. Mbeya kipindi cha mvua kikapu kinaota ukungu haraka.

4. Mwambie mteja kimesukwa kijiji gani na kwa siku ngapi. Mteja akijua kazi iliyopo, habishani sana.

5. Nunueni kwa kikundi, nauli mgawane. Punguza gharama hapo, siyo kwa mama.

Hata Marekani wameliona hili. Wacherokee wa North Carolina wanasuka vikapu kwa matete ya mtoni na mti wa mwaloni. Mwaka 1946 mafundi wao walianzisha ushirika, Qualla Arts and Crafts Mutual, unaouza kazi zao wenyewe, na mpaka leo upo.

Sisi tuanze kidogo tu: wasukaji 5, mchuuzi 1, bei moja mliyokubaliana. Faida ya leo isikukoseshe mzigo wa mwakani.

Mtumie mwenzako anayeuza vikapu. Kazi njema!