Rangi Iliyomo Sahanini mwa Askari

Maharagwe yamekuwa chakula cha kambini kwa muda mrefu hata askari huyachoka kabla sahani haijafika mezani. Vipande vya vitunguu navyo huvisukuma ukingoni kwa kijiko. Leo tungependa kuvitetea vyakula hivi, pamoja na lengalenga na chai yetu ya Teza na Rwegura, kwa sababu ndani yake mna viini ambavyo wataalamu huviita flavonoidi.

Baadhi ya viini hivyo ndivyo vinavyolipa ganda la haragwe wekundu wake. Mmea huvitengeneza ili kujikinga na jua kali na wadudu. Mwaka 1936 Albert Szent-Györgyi wa Hungaria na wenzake walivitoa katika malimau na pilipili, wakaona vinaimarisha mishipa midogo ya damu, wakaviita vitamini P. Jina hilo liliachwa baadaye, kwani anayevikosa hapati ugonjwa maalumu, kama vile kiseyeye humpata aliyekosa vitamini C.

Mwaka 1993 wataalamu wa Uholanzi walitangaza habari za wazee 805 wa mji wa Zutphen waliofuatiliwa kwa miaka mitano. Waliopata flavonoidi kwa wingi, hasa katika chai, vitunguu na matufaha, walikuwa na vifo vichache zaidi vya maradhi ya moyo. Hatusemi kwamba chai ndiyo iliyowaokoa. Yamkini walikuwa na mazoea mengine mema. Lakini imeonekana pia kwamba baadhi ya viini hivi huusaidia utando wa ndani wa mishipa kuilegeza, damu ikapita kwa wepesi.

Linalotuudhi ni upishi. Matabaka ya nje ya kitunguu ndiyo yenye flavonoidi nyingi, nayo ndiyo yanayomenywa bila huruma na kutupwa. Mafungu ya lengalenga yaliyonunuliwa Ruvumera kwa fedha halali huchemshwa katika maji tele, kisha maji yale, yaliyokwisha kunyonya sehemu ya faida, humwagwa mferejini! Heri kutia maji kidogo na kuyafanya mchuzi. Maharagwe yana sheria nyingine: maji ya kuloweka yamwagwe, hata yakiwa yamechukua rangi, na maharagwe yachemke barabara, maana yale mekundu yasiyoiva yana sumu inayotapisha.

Chai nayo isinywewe pamoja na mlo, kwa kuwa huuzuia mwili kupata madini ya chuma yaliyomo katika maharagwe na mboga. Ingojewe saa moja hivi. Askari wa kike walizingatie hili zaidi.

Aliyeandikiwa vidonge vya shinikizo la damu asiviache kwa kutegemea vitunguu. Tena, kabla ya kula balungi, amwulize daktari, kwani tunda hilo huweza kuzidisha nguvu ya baadhi ya vidonge hivyo mwilini, shinikizo likashuka kupita kiasi.